Mheshimiwa Waziri, jirani yako kala?

Kama umewahi kukaa bweni, msomaji, huna haja ya kuhadithiwa wiki ya uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Hakulaliki. Saa tano usiku mlango unagongwa, unafikiri mwenzio kasahau ufunguo, kumbe ni mgombea na wapambe wake wanne, kila mmoja kashika karatasi. Yule ambaye jana ulimsalimia akapita kama hakukuona, leo anakuita "mwanangu" na kukuuliza habari za nyumbani. Kuna mwenye suti ya kuazima, mikono ya koti imemfikia vidoleni, anayeweza kuyazungumzia maharage ya kafteria dakika arobaini bila kunywa maji. Siku ya matokeo ni madebe na nyimbo mpaka alfajiri. Kesho yake rais anatangaza baraza la mawaziri, mawaziri wanapata manaibu, manaibu nao wanatafuta makatibu, na chuo chenye wanafunzi mia tano kinaamka kikiwa na waheshimiwa hamsini.

Mimi nilikuwa mmojawapo. Chuo chenyewe jina nalihifadhi, ila kipo huku huku pwani ya kaskazini, na ukiwa kwenye gari la Bagamoyo unakipita. Enzi hizo lami ilikuwa haijafika Bagamoyo, mtu ukishuka chuoni nywele zimekuwa nyekundu kwa vumbi kama umezipaka hina. Cheo changu kilikuwa Waziri wa Chakula. Cheka tu. Wenye akili zao wanajua kwamba kwenye serikali ya wanafunzi hiyo ndiyo wizara nyeti. Rais anaweza kuboronga hotuba akasamehewa, lakini maharage yakiungua watu wanamtafuta mwenye wizara usiku huo huo.

Nilikuwa nimeahidi wali mara tatu kwa wiki na nyama inayoonekana kwa macho. Nikapigana kweli. Nilikwenda kwa mhasibu, nikakaa vikao na mzabuni, nikaandika barua tatu zenye nakala kwa watu ambao hata nilikuwa siwajui. Tukapata wali wa Jumatano. Wanafunzi wakanibandika jina la "Pilau", ingawa pilau lenyewe hatukuliona mpaka siku ya mahafali. Nilitembea kifua mbele, msomaji, we acha tu.

Sasa basi. Mlango wa tatu kutoka chumba changu, ukanda ule ule, alikuwa anakaa kijana mmoja wa kutoka bara. Mpole, msafi, hesabu anazitafuna kama karanga. Kila asubuhi tunakutana bombani. Vipi mwana? Poa. Mzima? Mzima. Nami huyo, taulo begani, nawahi kikao cha wizara. Kijana huyo kwa wiki sita nzima alikuwa anapiga pasi ndefu, na Waziri wa Chakula hana habari.

Wasiokaa vyuoni niwaeleze pasi ndefu. Kwenye mpira, beki akiogopa kunyang'anywa katikati ya uwanja anaupiga juu kwa juu mpaka kwa mshambuliaji. Mwanafunzi aliyeishiwa naye anafanya hivyo hivyo na tumbo. Kinachoingia saa nne asubuhi kinaruka mchana, kinaruka alasiri, kinakwenda kutua usiku, kama kipo cha kutua. Bumu likichelewa watu wanaisimulia kwa kicheko, na kweli siku mbili tatu ni utani. Wiki sita ni jambo lingine. Mjomba aliyekuwa anamlipia yule kijana alifariki muhula wa kwanza. Kuponi zake za chakula alikuwa anaziuza apate cha kumalizia ada na kutoa fotokopi za vitabu.

MAMA NTILIE ALIJUA

Aliyejua wa kwanza ni mama ntilie wa getini, kwa sababu kijana alikuwa anamwoshea masufuria jioni na yeye anamwachia ukoko. Wa pili alikuwa kiongozi wa darasa lao, yule tuliyekuwa tunamwita siiaa. Cheo hicho hakina kampeni wala wapambe. Alikuwa binti wa Kerege, mfupi, hana makuu, na alikipata kwa sababu siku ile mwalimu alipouliza nani atakuwa anabeba karatasi za mazoezi kila mtu aliinamisha kichwa. Kazi yake ni kukusanya mazoezi, kumfuata mwalimu asiyetokea na kuandika mahudhurio. Mahudhurio hayo ndiyo yaliyomfungua macho. Jina la jamaa lipo kila siku, lakini kipindi cha saa sita mwenyewe kalala mezani. Mazoezi yake yameandikwa nyuma ya karatasi zilizokwisha tumika. Siku moja binti akatoka getini kununua maandazi, akamkuta na masufuria.

Angalia alichofanya. Mimi ningejua, nakiri mbele yenu, ningeitisha mchango. Ningebandika tangazo, "Tumsaidie Mwenzetu", jina lake chini na jina langu juu kwa herufi kubwa. Yule binti alikuwa mtoto wa pwani, anajua kusitiri. Aliwapitia wenzake watano waliokuwa wanauogopa mtihani wa hesabu kama jini, akawaambia jamaa ataanza tuisheni jioni kwenye darasa la mwisho, na ada ni kuponi moja ya chakula cha mchana kwa wiki, kila kichwa. Kwa jamaa alikwenda na maneno mengine: kuna watu watadisko kama hukuwasaidia, na kufundishwa bure wanaona aibu. Watano wakawa kumi na moja. Mtu akawa anakula jasho lake, na bwenini wakaanza kumwita "Profesa".

Nimeyajuaje yote haya? Nilisapu hesabu. Waziri mzima. Nikaenda kuomba tuisheni, nikaambiwa ada ni kuponi. Nikauliza kwa nini kuponi, kwa nini isiwe fedha? Yule binti akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Kwani Mheshimiwa, wewe si Waziri wa Chakula?"

Hakuongeza neno. Nami sikuuliza la pili.

WAKUBWA WALIPOPITIA

Asitokee mtu akasema nazidharau siasa za vyuoni. Nchi hii chuo kimekuwa jando la wanasiasa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere alipandwa na hasira, akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 na wanafunzi karibu 400 akawatimua. Mmoja wa waliotimuliwa, Samwel Sitta, alirudi akamaliza sheria yake, na mwaka 2005 akawa Spika wa Bunge. Wana Bagamoyo nao wasiseme nimewaruka: Jakaya Kikwete, mtoto wa Msoga, alikuwa makamu wa rais wa wanafunzi pale Mlimani miaka ya 1970, kabla ya kuwa rais wetu sote kuanzia 2005 mpaka 2015.

Mwaka 1978 yakaja maandamano mengine, safari hii kupinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge. Wanafunzi wakafukuzwa kwa mamia, chama chao cha DUSO kikazikwa, ikaletwa MUWATA chini ya mwavuli wa CCM. Mei 1990 mgomo ukapamba moto mpaka serikali ikakifunga chuo, watu wakarudi darasani Januari 1991. DARUSO tunayoisikia leo ni mtoto wa kasheshe hizo. Ukimkalisha mzee aliyesoma Mlimani na kahawa mkononi atakusimulia mabango, mabomu ya machozi na nani aliruka ukuta upi, na hutaondoka mpaka Isha.

Lakini muulize mzee huyo huyo habari za Februari ya mwaka ule wa 1990. Atanyamaza kidogo.

Pale Mlimani kulikuwa na kitu kinaitwa Mzee Punch. Lilikuwa gazeti la ukutani lisilo na mwenyewe. Usiku karatasi inabandikwa, asubuhi watu wanajazana kusoma na kushikana mbavu. Wakongwe wanasema mwanzo lilikuwa la kuwakejeli wakubwa, lakini huko mbele waliochorwa zaidi ni wasichana, kwa picha na maneno ambayo hayaandikiki hapa. Msichana akimkataa mwanamume, akijibu jeuri, au akionekana tu anajidai, anapanchiwa. Akishapanchiwa, anayeonekana kukaa naye anajitafutia zamu yake. Hapo ndipo sumu ilipokuwa. Karatasi ya ukutani mtu unaweza kuichana, lakini meza nzima ya kafteria ikinyanyuka unapokaa, utaichana vipi?

Mwezi huo wa Februari Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alijitoa uhai baada ya kusumbuliwa na kutishwa na wanafunzi wenzake wa kiume. Waandishi wanawake wa TAMWA, chama kilichoanzishwa 1987 na kilichokuwa bado kichanga, walilishikia bango suala lile mpaka likavuka uzio wa chuo na kuwa la nchi nzima. Mzee Punch akapigwa marufuku. Mwaka 1998 Bunge likapitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, ile maarufu kwa jina la SOSPA, na kumsumbua mtu kijinsia kukawa jinai.

Mimi sikuwepo. Kila nikilikumbuka jambo hilo najiuliza kitu kidogo tu. Chuo kizima kile, chenye viongozi waliokuwa hawamwogopi hata mkuu wa nchi, ukanda mmoja wa bweni una milango mingapi? Na siku zile, ni mlango upi ambao msichana yule angeugonga bila kumponza mwenye chumba? Simhukumu mtu. Anayeogopa kupanchiwa anaogopa kweli, na mimi niliyeshindwa kuiona njaa ya mlango wa tatu nina mdomo gani wa kumsema mwingine?

TUSEME

Ajabu ni kwamba dawa mojawapo nayo ilichimbwa Mlimani hapo hapo. Mwaka 1996 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu, wakiongozwa na Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa shule za sekondari walioupa jina la neno moja: Tuseme. Baadaye shirika la FAWE likaubeba ukavuka mipaka, ukaenda nchi nyingine za Afrika na jina lake la Kiswahili.

Utamu wa Tuseme ni kwamba hakuna mgeni rasmi anayekuja kuwaambia wasichana matatizo yao. Wanakaa wenyewe wanayataja: mwalimu anayemwita mtu ofisini jioni, mzazi anayeona ada ya binti ni hasara, choo kisicho na mlango. Wanachimba chanzo. Halafu wanatunga mchezo, ngoma na nyimbo, wanauonyesha mbele ya wenzao, walimu na wazee wa mtaa, na mchezo ukiisha mjadala unaanza pale pale. Nyuma inabaki klabu ya wanafunzi wa kufuatilia yaliyoahidiwa. Si unajua barua inavyoishia? Inapigwa muhuri wa kupokelewa, inaingia kwenye faili, faili linaingia kabatini. Mchezo ulioonekana na watu mia tatu kabati lake halijatengenezwa.

Na kwa mambo ya kusema kwa ngoma, huku kwetu Bagamoyo ndiyo penyewe. Chuo cha Sanaa kilifunguliwa hapa mwaka 1981, tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, na tamasha lake limekuwa likivuta watu tangu 1982. Ukikaa kivulini ukatazama vijana wanavyofanya mazoezi utagundua kitu: kwenye ngoma hakuna pa kujificha. Darasani mtu anaweza kukaa mstari wa nyuma na huzuni zake mwaka mzima. Kwenye ngoma aliyeamka na njaa anachelewa kugeuka, aliyegombana na mwenzake hamwangalii usoni, na mpigaji mwenye msiba moyoni mkono wake unasikika. Wenzake wanajua kabla mwalimu hajajua. Sisemi wasanii ni malaika, wana mafumbo yao na majungu yao kibao, lakini kuonana wanaonana.

Hata jina la mji, wazee wanasimulia, limetokana na kubwaga moyo. Wapagazi waliokanyaga miezi kutoka bara na pembe za ndovu mabegani, wakifika hapa wanashusha mzigo na moyo unatua. Wengine husema hapana, waliobwaga moyo ni wale waliofungwa minyororo, walioacha mioyo yao ufukweni kabla ya jahazi kuwachukua. Vyovyote vile, mji mzima umepewa jina la mtu kuutua mzigo wa moyoni, na leo una vyuo kila upande. Kuna TaSUBa kwenye sanaa, kuna ADEM wanakofundishwa wakuu wa shule, kuna Mbegani kwenye uvuvi, kuna Marian. Sijui wageni wangapi wanaoshuka stendi na masanduku yao wanaambiwa wautue mzigo kwa nani.

Zamani pwani hii ilikuwa na jibu. Mwali hakuachwa aingie ukubwani peke yake. Alipewa somo, mwanamke wa kumwambia yale asiyoweza kumwambia mama yake. Somo alimfunda, alimsitiri, na alijua jambo likizidi kimo aende kwa nani. Wavulana waliotoka kumbi moja walikuwa ndugu mpaka wazee. Simwombi mtu arudishe unyago bwenini, msinielewe vibaya, na mengine ya kule ni bora yalivyobaki kule. Nasema tu kwamba chuo kinamtoa binti wa miaka 19 Kasulu au Nachingwea, kinampangia kitanda cha juu kwenye chumba cha watu sita, kinampa Waziri wa Michezo na Burudani, na somo hana.

WEWE ULIYECHAGULIWA

Sasa naongea na wewe mwenye cheo, maana najua unasoma.

Anza na vyumba. Kila mwaka wako waliokosa nafasi, wanaolala kwa kubebana, wawili kitanda kimoja cha futi mbili na nusu. Msichana asiye na pa kulala ndiye wa kwanza kupata "mfadhili" wa mjini mwenye gari. Waziri wa malazi asiyekuwa na orodha ya wanaobebwa na wanaowabeba, wizara yake ni ya kupigia picha.

Halafu fedha. Bodi ya Mikopo ilianza kazi 2005, na tangu hapo ugomvi mkubwa wa serikali za wanafunzi umekuwa bumu: limechelewa, limepunguzwa, jina halipo. Ni haki kupigania. Ila mwenye bumu lililochelewa ana cha kungojea. Yupo asiyengojea chochote, aliyekosa mkopo au anayesoma stashahada ambayo mkopo haukumfikia, na huyo kwenye maandamano ya bumu utamkuta nyuma kabisa, anaimba na wenzake wala hasemi kwamba yeye hayamhusu. Siiaa wake anamjua. Muulize siiaa.

Kuna jambo la walimu na alama. Hapa msomaji tusifumbiane macho. Sheria ya rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inasema wazi kwamba mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe haki ya mtu anatenda kosa, na TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Miaka hii ya 2020 vyuo vimekuwa vikihimizwa kufungua madawati ya jinsia, na vingine vimefungua. Lakini binti aliyeitwa ofisini kwa mwalimu saa moja usiku hataanza na kifungu cha 25. Ataanza na mtu. Akija kwako, usimuulize alivaa nini. Mwamini kwanza, zitunze zile meseji, mtafutie mtu mzima anayeaminika, na mwende pamoja mpaka mlangoni, mkae naye benchi la nje. Na kama wewe ni kiongozi unayebeba salamu kutoka kwa mwalimu kwenda kwa wasichana, basi ujue jina lako linajulikana bwenini, na si kwa uzuri.

Lililo zito kuliko yote nalo lisemwe. Mwenzio akikuambia amechoka kuishi, usimwambie aache utani, wala usimwahidi kwamba utaificha siri yake. Muulize wazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumwekei wazo ambalo halikuwepo, kunampa nafasi ya kupumua. Usimwache peke yake usiku huo, ondoa karibu naye vya kumdhuru, na mchukue kwa mlezi wa wanafunzi au hospitali, wewe mwenyewe, kwa miguu yako. Dua nzuri, maombi mazuri, lakini hospitali kwanza.

Siku hizi kila darasa lina grupu la WhatsApp, na waheshimiwa wameona kazi imekwisha: "Mwenye shida aandike hapa." Jamani, nani ataandika njaa yake mbele ya watu mia na themanini, halafu chini yake mtu aweke kikaragosi cha kucheka? Mzee Punch alihitaji gundi na giza la usiku. Huyu wa sasa anahitaji bando tu, na anafika mpaka nyumbani kwa wazazi.

Neno la pembeni kuhusu viongozi wenyewe. Wengi wanadisko. Mtu amehangaika na majina ya bumu mwezi mzima, ameitwa polisi kumdhamini mlevi, amelala hospitali na mgonjwa wa bweni la pili, halafu anaingia kwenye mtihani na desa la kuazima. Mimi nimeponea chupuchupu. Anayegonga milango ya wenzake naye awe na mlango wake wa kugongewa, na rais wa wanafunzi anayesema "mimi niko fiti" mara tatu kwa siku muangalieni kwa makini.

Hesabu nilipata 43, nikavuka. Profesa alimaliza chuo, ada yake ikakamilika baada ya yule binti kumwongoza yeye mwenyewe mpaka kwa mlezi wa wanafunzi, akapewa kazi ya maktaba likizo nzima. Hayo nayo niliyasikia baadaye, kwa mama ntilie, nilipokwenda kulipa deni langu la chapati. Mimi kwenye ripoti yangu ya kukabidhi wizara niliandika kurasa mbili kuhusu wali wa Jumatano.

Uchaguzi uliofuata ulipokaribia nilimfuata yule binti bwenini kwao, nikasimama nje ya uzio wa wasichana kama mposaji, nikatuma aitwe. Akatoka na kanga kiunoni, mikono imejaa povu. Nikamwambia agombee urais, mimi nitakuwa meneja wake wa kampeni, kura za bweni letu ninazo zote mfukoni. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia pale bombani kuna foleni, kama nina nafasi nimshikie ndoo, maana kuna mgonjwa ndani na nguo zake bado hazijafuliwa.

Nikashika ndoo.